Muhali Unalipwa na Nani?

Kwa miaka mingi viongozi wa Visiwa hivi, wa awamu moja hata nyingine, wamekuwa wakituhimiza tuache muhali. Neno hilo limesemwa katika mikutano ya hadhara, katika semina za watumishi wa Serikali na katika hotuba za kupambana na udhalilishaji wa wanawake na watoto. Wasikilizaji huitikia kwa makofi, kisha hutawanyika, na asubuhi yake muhali huwa uko pale pale ulipokuwa. Sababu, kwa maoni yetu, si ukaidi wa wananchi. Tumehimizwa kuacha jambo bila ya kufundishwa tuweke nini mahali pake. Mtu hawezi kuacha muhali kama hajui kukataa; na kukataa ni elimu, tena ni elimu ngumu kwa mtu aliyezaliwa kisiwani.

Neno lenyewe lastahili kutazamwa. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni jambo lisilowezekana. Waswahili wamelipokea kwa maana hiyo, na hata leo mtu husema kuwa ni muhali jua kuchomoza magharibi. Lakini katika mazungumzo ya kila siku ya Unguja na Pemba neno hili limehamia moyoni. "Nimemwonea muhali" maana yake ni kwamba nilipaswa kumwambia fulani ukweli, au kumkatalia jambo, nikashindwa. Kwa kuwa ni jirani, au ni mtoto wa ami yangu, au tulisoma chuo kimoja, au baba yake alishika jeneza la baba yangu. Yaani kukataa, jambo lililo katika uwezo wa kila mwenye ulimi, tumelitia katika hesabu ya yasiyowezekana.

Hatukusudii kuubeza muhali wote. Ndani yake mna staha, na staha ndiyo iliyowawezesha watu wa ardhi ndogo iliyozungukwa na maji kuishi pamoja karne kwa karne. Mkaazi wa mji mkubwa akimuudhi mtu huenda asimwone tena maisha yake yote. Sisi hatuna nafasi hiyo. Unayemkatalia asubuhi utakutana naye sokoni adhuhuri, msikitini alasiri, na mazikoni kesho yake. Kwa hiyo anayesema kwamba kukataa ni jambo jepesi, linalotaka ushujaa kidogo tu, hajaishi hapa. Linalotushughulisha sisi ni swali moja: muhali unapofanyika, gharama yake hulipwa na nani? Maana kila tunaposhindwa kusema hapana kwa aliye mbele yetu, huwa tumekwisha kuisema kwa mtu mwingine asiyekuwepo, naye hatukumwuliza.

Tuanze na afisi zetu. Mzee mmoja wa Kojani ana haja ya cheti. Ameamka kabla ya alfajiri, amevuka mkono wa bahari kwa chombo, amepanda gari hadi Wete, na saa mbili asubuhi yuko katika foleni. Mara anaingia kijana kwa mlango wa nyuma, naye ni shemeji wa karani. Karani hapendi. Anaujua utaratibu, na moyo wake unamsuta. Lakini anaona muhali. Shemeji akienda kulalamika nyumbani, maneno hayatakwisha mwaka mzima. Basi fomu ya shemeji inashughulikiwa kwanza, na baada yake fomu ya rafiki wa shemeji, mpaka saa za kazi zinakwisha. Mzee anaambiwa kwa sauti ya upole, "Njoo kesho, mzee wangu."

Karani huyu angeulizwa jioni hiyo kama amemkatalia mtu, angeapa kwamba hakumkatalia yeyote. Na hilo ndilo kosa lenyewe. Amemkatalia mzee wa Kojani, isipokuwa hapana yake ameivisha nguo ya ndiyo. "Njoo kesho" kwa mtu wa mjini ni hatua chache kwa miguu. Kwa mtu wa Kojani, wa Fundo au wa Tumbatu ni nauli ya pili, ni siku ya pili bila ya kwenda baharini, na pengine ni usiku mmoja wa kuomba pa kulala kwa jamaa ambaye naye atamwonea muhali kumwambia kuwa hana nafasi.

Yafaa hapa tuseme neno juu ya "Inshallah". Kwa mafundisho ya dini neno hili ni la mtu aliyekwisha kuazimia jambo, akaliweka katika mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Wengi wetu tumelifanya pazia la kujifichia. Mwenye kuambiwa "Inshallah, tutaliangalia" huondoka hajui kama amepewa au amenyimwa, hurudi mara tatu, na mara ya nne huwa ameelewa mwenyewe. Tunajiuliza huo ni uungwana wa namna gani, wa kumwacha mtu mzima abahatishe.

Karani mwema angesema hivi: "Mzee wangu, ombi hili leo siwezi kulipokea, kwa sababu barua ya sheha haina muhuri. Nenda kwa sheha akutilie muhuri, kisha rudi siku yoyote ya kazi kabla ya saa sita, nitakupokea." Maneno hayo hayakuchukua hata dakika moja, na mzee amejua akamate njia gani. Na kwa shemeji angesema, "Shemeji, wamekutangulia hawa. Kaa katika foleni, ikifika zamu yako nitakuhudumia kama wao." Shemeji atanuna. Lakini hatanuna milele, na iwapo atanuna milele basi si karani aliyekosa.

Hata hivyo tusimtwike karani mzigo ambao si wake peke yake. Wakubwa wa afisi nao wana muhali wao, na wao wameupatia usafiri mzuri, nao ni kimemo. Mkubwa anafuatwa nyumbani na mtu wake. Hawezi kumwambia hapana, wala hataki kuivunja kanuni kwa mkono wake, basi huandika karatasi ndogo, au siku hizi hupiga simu, akamwambia aliye chini yake, "Huyo kijana mfikirie." Hakuamuru, na kwa hiyo siku ya hesabu hatakuwa na la kujibu. Hakukataa, na kwa hiyo kwao ataendelea kusifiwa kuwa ni mtu wa watu. Muhali wake ameuhamishia kwa mdogo wake kazini, ambaye ana mshahara mdogo zaidi na sababu kubwa zaidi ya kuogopa. Katika njia zote za kutokujua kukataa, sisi hii ndiyo tunayoiona mbaya kuliko zote.

Tangu enzi za TANU wanachama waliahidi kwamba cheo ni dhamana, na kwamba hawatakitumia kwa faida yao. Ahadi hiyo ikarithiwa na Chama Cha Mapinduzi mwaka 1977. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya Zanzibar, ya mwaka 2015, nayo inamtaka kiongozi aepukane na mgongano wa maslahi. Kwa hiyo kiongozi hana upungufu wa maneno ya kumjibu jamaa yake, ameandikiwa tayari. Anachokosa mara nyingi ni ulimi wa kuyatamka sebuleni kwake, baada ya chai, mbele ya mama yake mdogo. Kanuni iliyobandikwa ukutani, ikionesha ni nyaraka zipi zinazotakiwa, ni ada kiasi gani na ni siku ngapi za kungoja, ni msaada mkubwa kwa mtu kama huyo. Humwezesha kunyoosha kidole ukutani na kusema, "Si mimi, ni hiyo." Wenye kudhani mabango hayo ni mapambo ya afisi hawajafikiri yanawasitiri watumishi kiasi gani.

Na wala si kweli kwamba sisi ni watu tusioweza kukataa. Mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi ilitaka kuutumia msaada wake kuibana Tanzania kwa sababu ya uhusiano na Ujerumani ya Mashariki, uhusiano ambao Zanzibar ilikuwa imekwisha kuufungua mwaka 1964. Ilipouondoa msaada wa kijeshi, Mwalimu Nyerere aliukataa na msaada mwingine uliobaki wa serikali hiyo. Mwaka ule ule, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 11, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza Desemba 15, kwa kulitekeleza azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mkopo wa pauni 7,500,000 ukapotea kwa ajili hiyo, nao si mali ndogo kwa nchi iliyokuwa na umri wa miaka minne. Uhusiano ule ulirejea mwaka 1968. Waliokataa hawakumtukana mtu. Walitaja sababu hadharani, wakajua bei yake, wakailipa wenyewe. Nchi iliyoweza kuikatalia London kwa bei hiyo ina watumishi wasioweza kumkatalia binamu.

Kuna mahali ambapo bei ya kutokukataa haihesabiki kwa fedha. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi, na mamia ya watu wakapotea. Uchunguzi ulionesha kwamba ilikuwa imechukua watu kupita uwezo wake. Hatusemi kwamba muhali peke yake ndio uliouzamisha msiba ule. Yako mambo ya biashara, ya usimamizi na ya ubovu wa chombo ambayo tume iliyaeleza. Lakini kila mkaazi wa Visiwa hivi anaijua sauti inayosikika gatini siku za mwisho wa Ramadhani, watu wote wanapotaka kwenda kwao kula sikukuu: "Mchukue tu huyu, hata akisimama. Ni mmoja tu." Na kweli kila anayeombewa ni mmoja tu. Hakuna aliyewahi kuomba wapakiwe mia. Wale wa ziada huingia mmoja mmoja, kila mmoja na jamaa yake wa kumwombea, na kila ombi kwa peke yake ni dogo na la huruma.

Abiria anayekataliwa Malindi hulala mjini usiku mmoja, tena kwa hasira. Huo ndio ukomo wa hasara yake. Tunawaomba wanaosimamia vyombo vya baharini waikumbuke hasira hiyo kama sehemu ya kazi yao, na tunawaomba wananchi wasimpigie simu mkubwa wa bandari kumsemea ndugu yao wakati orodha ya abiria imekwisha kufungwa.

Tukitoka afisini na gatini, tuingie majumbani. Hapa hatutakaa sana juu ya fedha, maana kila msomaji anayo hadithi yake. Mwalimu akipokea mshahara hufuatwa na wanne wenye haja, na fedha za sare za watoto huondoka kama mkopo kwa rafiki. Rafiki halipi, kisha huanza kupita njia nyingine ili wasikutane, na mwisho wake mwalimu amekosa fedha na amekosa rafiki. Wazee wamesema kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Hapana ya siku ya kwanza ingekuwa ndiyo nusu yenyewe.

Lakini liko jambo ambalo halisemwi sana. Nyumba inapopokea wageni wasiokuwa na siku ya kuondoka, au inapojitolea kupika kwa ajili ya shughuli ya mtaa mzima, aghalabu anayesema "karibuni" ni bwana wa nyumba, na anayeulipa ukarimu huo ni bibi aliye jikoni tangu alfajiri, pamoja na binti ambaye siku hiyo hakwenda skuli. Sifa huenda barazani na moshi hubaki jikoni. Mume anayeona muhali kwa rafiki zake yafaa ajiulize mbona haoni muhali kwa mkewe.

Wapo watakaosema kwamba kuwekeana mipaka ni ubinafsi tulioletewa kutoka nje. Tunawaomba watazame jinsi wazee wetu walivyojenga. Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe au ya Lamu ina baraza nje, kisha daka, kisha ukumbi, kisha ndani. Mtu hukaribishwa barazani, akanywa kahawa, akaheshimiwa, akaondoka ameridhika, wala hakukanyaga ukumbini. Huo ni mpaka uliojengwa kwa chokaa na matumbawe, na hakuna aliyepata kuuita uchoyo. Kadhalika hodi. Anayebisha hubisha mara tatu, na asipoitikiwa huenda zake. Sura ya An-Nur imewafundisha Waislamu kwamba mwenye nyumba akikuambia rudi, urudi, na kwamba kurudi huko ni usafi zaidi kwako. Yaani mwenye nyumba amepewa ruhusa ya kusema hapana, na mgeni ameamrishwa asichukie. Na methali ya mgeni, kwamba siku ya tatu apewe jembe, haikutungwa na watu wabakhili. Ilitungwa na watu waliokuwa na wageni wengi.

Tofauti ya kunyima na kukataa iko wazi kwa mwenye kutaka kuiona. Maiti haikatiwi hesabu, na mgonjwa wa usiku haambiwi asubiri. Chombo kilichopinduka hakiulizwi ni cha nani. Katika mambo hayo hapana mpaka, na kisiwa kitakachoanza kuweka mipaka hapo hakitakaliwa. Tunayoyasema yanahusu yale mengine, ambayo ni mengi zaidi.

Limebaki jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike. Tunawafundisha watoto wetu adabu, na ni vyema. Mtoto huambiwa aamkie, ashike mkono wa mkubwa, akubali kutumwa na mtu mzima yeyote wa mtaani, na asimjibu. Lakini katika mafunzo hayo yote hatumpi neno hata moja la kulitumia siku ambayo mkubwa huyo ndiye mkosefu. Mtoto aliyefundishwa kwamba kumkatalia mtu mzima ni utovu wa adabu, siku mkono wa mtu mzima utakapopotea njia atanyamaza, akidhani kwamba kunyamaza ndiko kutii. Na mara nyingi mtu huyo si mgeni. Ni jirani, ni jamaa, ni mtu anayeaminiwa na wazazi. Yafaa mzazi amwambie mwanawe waziwazi kwamba mwili wake nao una hodi; kwamba kuna pahala ambapo mtu mzima akitaka kupagusa, mtoto anaruhusiwa kusema "sitaki", kukimbia, na kuja kumwambia mama; na kwamba kwa kufanya hivyo hatapigwa wala hataitwa mjeuri. Mzazi anayemlazimisha mtoto amkumbatie mgeni ilhali mtoto anarudi nyuma anamfundisha kinyume cha hayo.

Serikali imefanya sehemu yake katika sheria. Sheria ya Mtoto ilipitishwa mwaka 2011, Sheria mpya ya Adhabu mwaka 2018, na mwaka 2021 ikaanzishwa mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji. Lakini mahakama haiwezi kusikiliza kesi isiyokuwa na mashahidi. Wanaozishughulikia kesi hizi wamelalamika mara nyingi kwamba shauri hufunguliwa kwa kishindo, kisha wazee wa pande mbili hukutana usiku, maneno hutengenezwa, na siku ya kuitwa shahidi haonekani mtu. Huambiwa yamekwisha kifamilia. Familia zimeoneana muhali, undugu umehifadhiwa, harusi iliyokuwa ikingojewa imefanyika. Aliyelipa ni mtoto wa miaka tisa, ambaye katika kikao kile hakuwepo.

Kwa hiyo tunapowataka wananchi wajifunze kukataa, tunataka waanzie hapo. Bibi anayefuatwa aondoe shauri la mjukuu wake na akatae, na majirani wamsaidie kukataa kwa kutokumtenga. Walimu wa skuli na wa vyuo vya Kurani wawape watoto nafasi ya kujizoeza kusema "sitaki" kwa sauti, kama wanavyowazoeza kuamkia. Na sheha anayeombwa kusuluhisha shauri la namna hii amjibu mwombaji kwamba kulisuluhisha si kazi yake, na amwonye kwamba watakwenda pamoja kituo cha polisi asubuhi hiyo hiyo. Akiona uzito kulisema peke yake, kwa kuwa mwombaji ni mtu wa heshima katika shehia, basi na amwite imamu na mwalimu mkuu wasimame pamoja naye mlangoni.